Waambieni walimu wa udereva wanyamaze kidogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na kama barua itakuwa ndefu mtakata mnapoona panafaa ila hapo nitakapoongelea kunyamaza msipaguse, maana ndo sababu ya mimi kukaa chini kuandika. Nataka kuwasemea watu wanaojifunza gari ukubwani. Sio hawa vijana wanaomaliza shule leo kesho wako nyuma ya usukani, hao wana mambo yao. Nasema akina sie tulioshika stelingi watoto wetu wakiwa wameshaota ndevu, tuliokaa siti ya abiria miaka nenda rudi tukimwambia dereva "punguza mwendo" na hata klachi iko upande gani hatujui.

Maneno juu yetu ni mengi. Eti samaki mkunje angali mbichi, eti kichwa kimeshakauka, eti mtu mzima akijifunza gari anaendesha kama anasindikiza maiti. Hiyo methali ya samaki mi naiheshimu sana, kwa samaki. Kwenye gari hapana. Yule mama wa Kijerumani Bertha Benz, mke wa Karl Benz mwenyewe aliyetengeneza gari, Agosti 1888 alichukua gari la mumewe bila kumuaga, akaondoka na wanawe wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, kama kilomita 100 hivi, na alikuwa na miaka 39. Njiani mrija wa mafuta ukaziba, akauzibua na pini ya kofia yake, safari ikaendelea. Hakukuwa na mtahini pembeni na karatasi lake, labda ndo maana alifika salama. Na majuzi tu hapa, Juni 24 2018, Saudi Arabia iliporuhusu wanawake kuendesha, waliokwenda kujifunza wengi ni watu wazima wenye kazi zao na watoto wao, wakajifunza wakaingia barabarani. Kwahiyo hayo ya samaki tuyaache.

Ila nisiwe mnafiki, ukubwani kuna vitu vinakuwa vizito. Mtu mzima anachukua muda zaidi mpaka mikono na miguu ielewane, hilo walimu watakwambia na mi sibishi. Lakini kubwa zaidi ni kwamba sisi tunajua gari inaweza kufanya nini. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua kuzidi hicho. Kijana ukimsomea hiyo namba anaitikia "duh" anaendelea kuchati, sisi tukiisoma tunakumbuka majina ya watu tuliowazika. Woga wetu una akili ndani yake. Mtu asiniambie niutoe wote, ule wa kuniangalizisha kioo niachieni.

Halafu kuna aibu, na hii haisemwi kabisa. Unafundishwa na kijana ambaye ungeweza kumzaa, wewe ndo hujui yeye ndo anajua, na wote wawili hamjui mshikeje hiyo hali. Mwalimu wangu alikuwa na adabu kupita kiasi. Nikizimisha gari katikati ya njia panda, nyuma honi zinalia, yeye "hamna shida mama, tuwashe tu". Nikikata kona bila kuangalia kioo, "samahani mama, kioo". Samahani ya nini sasa na we ndo mwalimu! Hakunigombeza hata mara moja, na mi nilifurahi kwa kweli, nani hapendi heshima. Kumbe zile gari za kufundishia zina breki na klachi upande wa pili pia, chini ya miguu ya mwalimu, na kijana wangu kila tukianza kupanda kilima alikuwa ananibania klachi taratibu bila kusema neno. Mi huku najiona nimeiva, gari inaondoka kilimani hairudi nyuma hairukiruki, moyoni najipongeza. Siku moja kanyagio langu likawa linanishangaza, linashuka kabla sijalikanyaga vizuri, nikainamisha macho nikaona kiatu chake kinapanda na kushuka sambamba na changu. Nikamuuliza mwanangu unafanya nini hapo. Akacheka kwa aibu, akasema "mama nilikuwa naogopa utazimisha sana utakata tamaa uache kuja."

Nia yake njema, simlaumu. Lakini ndo hapohapo tatizo la woga wa mtihani linapoanzia, na sioni mtu akiliongelea.

Walimu wengi wanatufundisha gari huku mdomo haufungi na mguu uko kwenye breki ya pili. "Weka gia ya pili, piga indiketa, cheki kulia, haya pita, pita, breki breki breki!" Mwanafunzi anaendesha kwa masikio. Muda wote wa mafunzo kichwa chake hakijawahi kuamua chenyewe saa ngapi kiangalie kioo, kinasubiri kuambiwa. Sasa siku ya mtihani anaingia mtu humjui, anafunga mkanda, anakwambia fuata barabara hii mpaka nitakapokwambia, basi, amemaliza. Kimya. Unasikia injini na unasikia kalamu. Kalamu ikigusa karatasi tu tumbo linakata, unaanza kujiuliza nimekosea wapi, ni ile kona au ni indiketa sikuizima, akili yote imerudi mita mia mbili nyuma na mbele pana mtu keshaweka mguu kwenye zebra.

Ndo maana mtu anaendesha vizuri wiki nzima, siku ya mtihani anafanya vituko mpaka mwalimu wake haamini. Wanasema alipaniki. Ni kweli alipaniki, ila mnampeleka kwenye hali ambayo hajawahi kukaa nayo hata dakika kumi, gari bila sauti ya kumwelekeza na klachi bila mguu wa kumsaidia, halafu mnashangaa nini?

Nilipofeli mara ya kwanza nilikaa nikasoma soma kuhusu huu woga, mwili unafanya nini, na nashauri kila mwanafunzi ajue maana ukishaujua unapungua ukali. Ukihisi hatari adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, misuli inajiandaa ukimbie au upigane. Sasa wewe uko kwenye siti umefungwa mkanda, hukimbii na hupigani, ile nguvu yote inatafuta pa kutokea na kwa wengi wetu inatokea kwenye goti la mguu wa klachi. Goti linacheza lenyewe, unalishika kwa mkono linacheza zaidi, unaachia klachi kwa pupa gari inaruka inazima. Macho nayo yanabana, unaona lami iliyo mbele yako tu, saiti mira ni kama hazipo. Na ile sehemu ya akili inayoshika mambo ya sasa hivi inabeba vitu vichache kwa wakati mmoja, ukiijazia "nitafeli, nyumbani watanicheka, hela imepotea" haibaki na nafasi ya kuona taa imebadilika.

Kuna watafiti wawili wa Marekani, Yerkes na Dodson, mwaka 1908 walifundisha panya kuingia chumba cheupe na kuacha cheusi, panya akikosea anapigwa shoti ya umeme. Kazi ilipokuwa rahisi, shoti kali iliwafanya wajifunze haraka. Ila walipoifanya ngumu, tofauti ya vyumba haionekani vizuri, shoti ikizidi kiasi panya wakawa wazito kujifunza. Ni panya, sawa, mi sio panya, lakini hilo la kazi rahisi na kazi ngumu lilinikaa sana. Presha ya mtihani huwezi kuizima, mtahini hatabaki nyumbani kwa ajili yako, unachoweza ni kuifanya ile kazi iwe rahisi kabla hujafika. Kuangalia kioo kabla ya indiketa, kupata nusu klachi (pale klachi inapoanza kushika gari), handibreki ukisimama kilimani, haya yafanywe mpaka mikono na miguu iyafanye bila kuuliza kichwa. Na yafanywe kwenye kimya, sio kwenye makelele ya mwalimu, maana kitu ulichojifunza kwa kuambiwa utakikumbuka ukiambiwa.

Sasa nasema nilichomwomba kijana wangu baada ya kufeli. Kwanza tukabadilishana kazi ya kuongea. Badala ya yeye kusema mimi ndo nikawa nasema kwa sauti kila ninachoona na ninachotaka kufanya, "mbele basi limesimama, huenda mtu akatokea nyuma yake, naangalia kioo, napunguza, narudi gia ya pili." Mwanzoni nilijiona chizi. Lakini madereva wa polisi Uingereza wanafundishwa hivyohivyo, kusimulia barabara wakati wanaendesha, na sababu yake utaiona mwenyewe, ukishindwa kusema unaona nini ujue huoni. Na mdomo ukiwa na kazi hauna muda wa kusema nitafeli.

Baada ya hapo nikamwambia nyamaza. Kabisa. Miguu ikae tayari kwa hatari ya kweli tu, isinisaidie, na nikikosea usiniambie mpaka tumepaki. Jamani, somo la kwanza la namna hiyo lilikuwa baya kuliko siku niliyoshika usukani mara ya kwanza. Nilikuwa nageuka kumwangalia usoni kama kuna dalili. Anaangalia dirishani. Nikasimama kwenye kipilefti muda mrefu nasubiri "haya pita" ambayo haiji, magari yanapita, mwisho nikaingia mwenyewe maana hakuna mwingine wa kuingia. Ule uamuzi mdogo wa kwamba gari ile iko mbali naingia sasa, ndo nadhani siku hiyo nilianza kuendesha, kule nyuma kote nilikuwa nasukumwa.

Cha mwisho tulichofanya akamleta mwalimu mwenzake ambaye sijawahi kumuona, mzee hacheki, akapewa karatasi na kalamu, akaambiwa aandike andike hata kama hamna kosa. Tukaenda barabara nisizozizoea. Goti lilicheza kama kawaida. Ila safari ile ya pili na ya tatu na huyo mzee, kalamu ikawa kalamu tu.

Naomba nikae kidogo kwenye hili la makosa madogo maana limewafelisha watu wengi kuliko kupaki kwa rivasi. Watu wanaamini ukizimisha gari umefeli. Sio hivyo kwenye mitihani mingi. Uingereza kwa mfano mtu anaruhusiwa makosa madogo mpaka 15 na bado anafaulu, kinachomtoa ni kosa moja kubwa au la hatari. Na huko huko miaka hii yote wanaofaulu barabarani ni chini kidogo ya nusu ya wanaojaribu, kwahiyo ukifeli hauko peke yako na haimaanishi we ni mjinga, nusu ya watu walioamka asubuhi hiyo na wewe wamefeli pia. Gari ikizima, kanyaga breki, vuta handibreki, gia huru, washa, angalia vioo vyote upya, ondoka. Imeisha hiyo. Anayefeli mara nyingi ni yule aliyeanza kulia moyoni, akawasha kwa haraka ili kuficha aibu, akaondoka bila kuangalia pikipiki iliyokuwa inampita. Gari iliyozima ni kosa dogo, pikipiki ndo kubwa. Mi kwenye mtihani niliofaulu gari ilinizimia kwenye taa za barabarani, nyuma kuna lori linapiga honi, nikafanya hayo yote bila haraka na kumbe mtahini hata hakuliona ni jambo.

Kuhusu siku yenyewe sina mengi. Lala. Vaa viatu ulivyojifunzia, sio vipya vya kupendeza, maana unyayo unaijua klachi kupitia soli ile. Rekebisha siti na vioo taratibu hata kama unaona mtahini anasubiri, ndo kazi inayomleta hapo. Kupumua kunasaidia, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, moyo unapunguza mbio. Na kuna mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, mwaka 2014 alitoa matokeo yake kwamba watu walioambiwa wajisemee "nina hamu na hili" kabla ya kuhutubia mbele za watu walifanya vizuri kuliko walioambiwa wajitulize. Nilikuwa nadhani ni porojo ila ukifikiria, moyo kwenda mbio kwa woga na kwenda mbio kwa hamu ni mbio zile zile, kuugeuza jina ni rahisi kuliko kuusimamisha.

Vidonge hapana. Nimesikia watu wanapeana vidonge vya kutuliza nje ya chumba cha mtihani, jamani. Dawa za usingizi na hata baadhi ya dawa za mafua zinalegeza kichwa na wewe unakwenda kuendesha chuma. Kuna ile propranololi ambayo madaktari huwapa baadhi ya watu wenye moyo wa mbio, lakini mwenye pumu ikimkuta inaweza kumbana kifua vibaya, kwahiyo hiyo ni ya daktari, sio ya rafiki.

Na tarehe ya mtihani usiitangaze! Hili nalisema kwa uchungu. Niliwaambia ndugu wote wa pande zote mbili, siku ya mtihani simu imejaa meseji za dua, na kila dua naihesabu ni mtu mwingine wa kumwambia nimefeli. Mara ya pili nilimwambia mume wangu peke yake, na yeye nilimwambia asiulize.

Nikimtaja mume, nyie mnaofundisha wake zenu na mama zenu gari, mnapiga kelele mno. Sitaki kuendelea hapo nitagombana na watu.

Wengine watasema si muendeshe otomatiki tu muepuke klachi. Sawa, ni wazo zuri na halina aibu, linapunguza kazi ya miguu na kuacha akili iangalie barabara, ila ulizeni kwanza maana kuna nchi ukifanyia mtihani kwenye otomatiki leseni yako inakuwa ya otomatiki tu. Na kimya cha mtahini kiko palepale.

Kwa anayeona amefeli sana nampa habari ya bibi mmoja wa Korea Kusini, Cha Sa-soon. Huyu mtihani wa maandishi peke yake aliufanya mara 950 mpaka akaufaulu mwaka 2009, leseni akaipata 2010 akiwa na miaka 69. Sisemi tufanye hivyo, mimi nisingeweza, na sijui kama ni ushujaa au ubishi. Lakini siku ile alipofika kwenye mtihani wa kuendesha nadhani chumba cha kusubiria hakikumtisha tena.

Watahini nao nina neno dogo kwao kama wanasoma. Sekunde kumi tu mwanzoni, mwambieni mtu "nitakuwa kimya, sijakasirika, na nikiandika sio lazima umekosea." Haibadilishi kipimo, anayejua ataonekana na asiyejua ataonekana. Inampa tu mtu nafasi ya kuonyesha anachokijua.

Na walimu, masomo ya mwisho mwisho funga mdomo, rudisha miguu yako kwako. Maana sio mtihani tu. Mtu akipewa leseni leo, kesho asubuhi yuko peke yake kwenye gari, siti ya pembeni ina mkoba tu, hakuna wa kumwambia cheki kioo, na kama hicho kimya hajawahi kukizoea mnamwacha akizoelee barabarani kati ya watoto wetu.

Kijana wangu siku hizi anafanya hivyo kwa wanafunzi wake wote wakikaribia mtihani. Tulionana karibuni akaniambia wamama wanaelewa, shida ni wazee wa kiume, akinyamaza dakika tano wanasimamisha gari pembeni wanamuuliza wamemkosea nini.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama mwenye leseni